Pikapu Iliyokaa Kitako

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Karafuu za shambani zimeanza kupiga wekundu. Tukizembea zitachanua, na hapo tutakuwa tunachuma maua ya kupambia nyumba. Kwa hiyo wiki hii tunakwenda dago, tukalale hukohuko mpaka msimu uishe. Shamba liko mbali, njia ya Msuka, na sisi tuko Wawi. Wachumaji watatangulia kwa gari ya abiria. Vyombo vitakwenda na pikapu ya Humoud.

Baba alipofariki tuligawana: mie shamba, mdogo wangu Humoud gari. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyependelewa.

Leo tumejaribu kupakia. Magunia ya mchele, masufuria makubwa, majamvi ya kuanikia, turubali, ngazi, madebe ya mafuta ya taa. Mpaka hapo gari ilikuwa imeinama kidogo tu nyuma, kama mtu anayepapasa kiti. Ndipo Shangazi Hamdiya akatoka ndani, akasema na yeye anakwenda.

Shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyetulea. Kashapita sabini, na hajalala dago tangu mumewe azikwe kulekule shambani. Nikamuuliza kulikoni mwaka huu. Kasema kachoka kuziona sura zetu nyumbani, anataka kuziona shambani. Haya.

Lakini jamvini halali. Kitanda chake cha shaba kinakwenda. Na godoro. Na furushi refu lililozongwa mkeka na kufungwa kamba kila mahali, ambalo Humoud na jirani yetu Jecha wamelibeba wakihema. Nikauliza mna nini humu.

"Vitu vyangu."

Kama kwamba mie nimesema vya jirani.

Furushi lilipoingia, gari ikakaa kitako. Sitanii. Bati la nyuma limelalia tairi, taa za mbele zinatazama vilele vya minazi. Humoud kasimama kando, mikono kiunoni, kasema iko sawasawa, gari za mizigo ndivyo zinavyokaa.

Jumanne, 2 Septemba

Haiko sawasawa.

Humoud kaipandisha kilima kuijaribu, na mzigo wake wote. Mie nyuma juu ya magunia na buibui langu — Wawi nzima imeniona. Kufika katikati ya kilima mbele kukawa kwepesi. Humoud anakata usukani kulia, gari inakwenda itakako yenyewe. Tairi za nyuma zinasugua bati, moshi, harufu ya mpira unaoungua. Tukateremka kinyumenyume. Mbuzi wa watu wakatupisha kwa heshima.

Mwanamize alikuwa anatungoja uwanjani. Huyu ndiye mpishi wetu wa dago na ndiye anayewaongoza wachumaji, na ulimi wake haujapata kufungwa na mtu. Kaizunguka gari, kakagua mzigo, kasema, "Nchukueni nchele. Bibi nwacheni."

Shangazi alikuwa dirishani. Akamjibu kuwa mchele haujui kukaripia wavivu. Wanapendana hawa wawili, kwa namna yao.

Jecha ni fundi chuma, hutengeneza majembe na milango. Kalala chini ya gari mpaka tukadhani kasinzia. Katoka na vumbi ndevuni, kasema springi zimechoka, zimenyooka kama rula. Ataongeza vyuma. Na vitu vizito visogezwe mbele, nyuma ya mgongo wa dereva, viwe chini. Humoud kasema hilo analijua toka zamani. Nikamuuliza mbona basi kitanda cha shaba kakining'iniza mkiani kabisa. Kasema kipate upepo.

Jumatano, 3 Septemba

Jecha kapata vyuma vya springi kwenye lori bovu. Nyundo tangu asubuhi. Kichwa kinaniuma. Shangazi hakula mchana, kasema joto.

Alhamisi, 4 Septemba

Gari imenyanyuka. Imenyanyuka mno! Ikiwa tupu mkia uko juu kama kunguru anayekunywa maji. Humoud kamchukua Shangazi mpaka Chake kununua tambuu. Wamekanyaga jiwe moja tu. Shangazi kagonga paa na kichwa, kaimeza tambuu nzima, chokaa na yote. Karudi anasema kaagiza gari katengenezewa punda.

Jecha kasema punda akibebeshwa atatulia. Tumepakia, na kweli katulia. Gari imekaa kama gari. Alasiri nimemsikia Humoud barazani akiwaeleza watu jinsi alivyoitengeneza.

Shangazi anajishika ubavu tangu warudi. Nilitaka kumkanda, kanifukuza.

Jumamosi, 6 Septemba

Niandike yote leo, la sivyo kesho nitajiambia haikuwa hivyo.

Tumeondoka asubuhi. Humoud na Shangazi mbele, mie na Mwanamize nyuma juu ya majamvi. Mpaka Wete, raha tupu. Springi za Jecha zinaitika vizuri, Mwanamize anaimba. Hapo Wete, Humoud kasimama kumwamkia rafiki yake. Maamkizi yakazaa magunia ya saruji. Kuna msikiti unajengwa Konde, na rafiki kamwomba ayapitishe. Nikamwambia Humoud gari imeshajaa. Kasema, "Dada, hii thawabu." Yakapangwa mkiani, ndiko kulikobaki nafasi. Thawabu ikakaa kitako.

Tumevuka vilima viwili. Cha tatu, katika kuteremka, kuna shimo. Mlio kama wa mti unaokatika. Gari ikalala upande wa kushoto, mie na Mwanamize tukajikuta tumekumbatiana na masufuria. Hakuna aliyeumia. Springi ya kushoto imekatika katikati.

Jua la utosi. Tukapakua kila kitu tukakipanga kando ya njia, watu wakipita wanadhani kuna mnada. Shangazi akasema maadamu tumeshakaa yeye anakwenda kusali, na Mwanamize akamfuata mpaka nyumba iliyokuwa karibu. Humoud akachutama akawaza. Kumbe naye ana akili akibanwa: tutie mbao baina ya ekseli na boriti ya gari, tukaze kwa kamba, bodi ikae juu ya mbao badala ya springi. Itatufikisha polepole. Mbao ziko wapi? Tukatazama vitu vilivyopangwa. Sote wawili macho yakasimama kwenye furushi la Shangazi, maana kona ya mkeka ilikuwa imechanika na ndani yake ikaonekana mbao.

Tukafungua. Mbao za mfenesi, nene, zimerandwa vizuri, zote za urefu mmoja. Nikasema huenda ni za kitanda. Humoud kasema kitanda cha shaba kinataka mbao za nini. Nikasema basi za rafu. Msumeno tulikuwa nao, wa kukatia miti ya vibanda. Humoud alikata. Mie nilishika upande wa pili ili zisicheze.

Tulikuwa tunakaza kamba waliporudi. Shangazi kasimama. Katazama mkeka ulio wazi, katazama vumbi la mbao, katazama chini ya gari. Mwanamize alikuwa na neno mdomoni, akalimeza.

"Umekata vya kichwani au vya miguuni?" Shangazi kamuuliza Humoud, kwa sauti ya kuuliza chumvi iko wapi.

Humoud hajaelewa. Kasema kakata zilizokuwa juu.

"Vya juu ndivyo vya kichwani."

Hapo nikaelewa. Viunza. Mbao za kufunikia mwanandani. Shangazi kachongesha mwenyewe viunza vya kaburi lake, kavizonga mkeka, kavipakia juu ya mchele wetu.

Nikauliza vya nani, jibu nikilijua. Kasema vyake, ukoo huu ukiachiwa kazi utamfunika kwa makuti. Kisha akakaa juu ya gunia la saruji na kutueleza, bila kututazama. Ana uvimbe ubavuni. Kaenda hospitali mwezi wa saba, kwa siri, Mwanamize kampeleka. Daktari kasema aende Unguja akapasuliwe. Yeye hataki kupasuliwa. Anataka awekwe karibu na mumewe, na kwa kuwa hatuna njia ya kumchukua akiwa maiti mpaka shamba ila kwa gari hii mbovu, kaona heri atangulie akiwa hai.

Humoud kajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Kasema, "Shangazi, nitakuchongea vingine."

"Weye? Hata ngazi huijui juu yake na chini yake."

Mwanamize kaanza kucheka, kacheka mpaka kakaa chini, kisha sikujua tena kama anacheka. Mie sikucheka. Nilikuwa na hasira, na hasira haikupata pa kukaa. Huyu Mwanamize alijua. Karibu miezi miwili anajua, ananipikia chai na kunitazama.

Saruji tumeiacha kwa wenye nyumba. Kitanda tumekilaza nyuma ya mgongo wa Humoud. Tumekwenda mwendo wa jeneza, naomba radhi, lakini ndivyo. Kila shimo Shangazi alikuwa anatoa kichwa dirishani, anauliza kama vimehimili. Vilihimili. Tumefika jua limepoa.

Jumapili, 7 Septemba

Wachumaji wote wanajua. Habari imefika kabla ya mchele kuiva. Wengine wanampita Shangazi kwa kunyata, kama kwamba keshalala. Kawauliza kama karafuu zimeanza kujichuma zenyewe.

Zimeiva kweli. Miti ya juu imejaa, matawi yanalia. Siku nzima watu wako juu ya ngazi, na Shangazi chini kwenye jamvi anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, pamoja na wanawake. Vidole vyake bado vina kasi kuliko vyangu.

Nimengoja mpaka wenzake wakaenda kuoga. Nimemuuliza kwa nini kamwambia Mwanamize, mie hakuniambia.

"Mwanamize nikimwambia sitaki, ananitukana kisha basi. Weye utalia."

Nikamwambia silii. Nilikuwa nalia.

Kasema Unguja anawajua wawili waliopasuliwa, na wote walirudi Pemba wamefunikwa. Nikamwambia Bi Zuweina wa Mkoani, ambaye tumepewa jina moja, alipasuliwa na sasa kaolewa tena. Kasema kuolewa tena ndiyo adhabu yenyewe. Hakuna mazungumzo na mtu huyu.

Jumatatu, 8 Septemba

Humoud kakwenda kwa miguu mpaka Konde kutafuta springi. Karudi mikono mitupu, kajaa vumbi. Hakujisifu. Kapanda mti kachuma karafuu mpaka Magharibi, yeye ambaye hajachuma tangu tuko wadogo. Mwanamize kamwekea wali wa juu ya sufuria na ukoko. Hawakusemezana.

Mie na Mwanamize tumesemezana. Nilimwambia kanifanyia vibaya. Kasema, "Ndiyo." Tukaendelea kuchambua.

Jumatano, 10 Septemba

Jecha kaja! Habari imemfikia Wawi kwa wapita njia, kapanda gari ya abiria na chuma begani kama mtu aliyebeba papa. Kaingia chini ya pikapu. Kasema mbao zimefanya kazi nzuri kuliko alivyotarajia, za nani? Shangazi kasema, "Zangu. Kwani unataka?"

Kafunga chuma kipya. Kaviacha viunza palepale viisaidie springi mpaka ipatikane ya dukani. Kamwambia Humoud akivitoa leo, kwa mzigo wowote gari itakaa chini tena.

Shangazi kafikiri. Kasema basi inaonekana yeye hana ruhusa ya kufa mpaka gari ipone. Wote tumecheka, hata waliokuwa juu ya miti. Kisha yeye mwenyewe akajishika ubavu na kicheko kikakatika. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama mvi zake. Mwanamize kamshika upande mmoja, mie upande mwengine. Mwepesi. Sikujua kawa mwepesi vile.

Nilipomlaza nilimwambia meli ya Unguja inaondoka Mkoani Ijumaa. Kanigeuzia mgongo, kautazama ukuta, na ukuta wenyewe ni wa makuti, unaona nje.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika nyuma ya pikapu, penseli inarukaruka. Sasa tumesimama.

Asubuhi nimemkuta Shangazi keshavaa buibui, keshakaa kiti cha mbele, mlango kaufunga. Kwenye mapaja ana kifurushi kidogo. Humoud kamuuliza, "Shangazi, tunakwenda wapi?"

"Washa gari kwanza."

Kawasha. Nimerukia nyuma bila ya viatu. Mwanamize kanirushia viatu, na mkate wa kumimina ndani ya kawa. Kasema karafuu nimwachie yeye, hakuna tawi litakalochanua. Nimemwamini.

Nyuma kumekaa vizuri, hakuna mlio. Tumeteremka taratibu mpaka njia panda. Kushoto Msuka, kwa seremala wa kuchonga viunza vingine. Kulia Konde, Wete, Chake, mpaka Mkoani. Humoud kakanyaga breki, kageuza uso, hathubutu kuuliza mara ya pili. Injini inatikisa bati lote. Kuna mzee na punda wake nyuma yetu, anangoja, keshatusalimu mara mbili.

Nimeinama kwenye kidirisha cha nyuma ya kichwa cha Shangazi. Shangazi anatazama mbele.

"Zuweina," kasema. "Huko hospitali Unguja wanawapikia watu uji?"

Nikasema wanawapikia.

"Wa nini?"

Sijui. Nikasema wa pilipili manga.

Kafungua kifurushi kidogo, katazama ndani, kafunga.

"Wanatia sukari, au kila mtu anakwenda na yake?"

Humoud ananitazama kwenye kioo, mkono uko kwenye gia.