Pikapu ya Gitaa la Baba

Cheruto na Kibii,

Chai iko kwa thermos. Maharagwe yamechemka, kaangeni tu. Nimeenda kumwekea Baba nafasi kwa daktari wa masikio. ~~Msimuulize kitu.~~ Hapana, mkae naye.

Asubuhi alikuwa anajaribu zile pikapu mbili, vile vinasa sauti vya gitaa la stima analotengeneza. Mnajua alichonga nafasi ya moja tu kwenye mbao. Alifunga ile ndogo, akapiga, ikalia vizuri. Alipokuwa anaitoa, stima ikapotea. Hakujua. Akafunga ile kubwa, akapiga, macho amefunga, anatabasamu.

“Hii ndiyo tamu, Mama Cheruto. Unasikia?”

Spika ilikuwa kimya kabisa.

Halafu akaona taa ya spika haiwaki. Akaweka bisibisi chini, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mamake.

Kibii, stima ikirudi mfungie moja baada ya nyingine, Cheruto apige. Msimdanganye ati hazina tofauti. Nilimwambia tungoje daktari kwanza, akakataa. Akasema, “Watoto wachague. Wao ndio wataisikia.”

Mama