Minyoo Inapenda Umande

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Ndosho tuko salama, na kikohozi cha mama yako kimepungua. Unauliza kama uache masomo ya mifugo, kwa sababu minyoo ya ng'ombe unayokuza imekufa tena kwenye chupa.

Mimi pia niliiua, nilipokuwa musichana katika labo, yaani maabara, ya mifugo kule Masisi. Niliweka chupa ya mavi ya ng'ombe karibu na moto, nikidhani mayai ya minyoo yanataka joto. Yakakauka yote. Nikarudi nyumbani nikilia. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma, akacheka: "Mutoto wangu, sisi tunafungia ndama mpaka umande ukauke, wasiumwe tumbo. Unafikiri ni kwa nini?"

Nikachukua mavi mapya, nikayanyunyizia maji kila asubuhi. Minyoo michanga ilipotokea, nikakimbia kumuita. Alichungulia kwenye mikroskopi muda murefu, akanong'ona: "Kumbe ni ninyi."

Minyoo yako ikitokea, nipigie simu. Na mimi nije nichungulie.

Nyanya yako