Fa Niliyoiacha, Aibu Aliyoibeba Yvette

Mama Misenga mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakusihi usilitaje jina langu katika safu yako, maana mji wetu ni mdogo na mimi ni karani, kila asubuhi watu wananiletea karatasi zao wakiniita "monsieur" na kuniamini. Napiga gitaa la besi katika kwaya ya parokia yetu hapa Alunguli, na kuna mahali pamoja, kabla waimbaji hawajaingia, vyombo vyote vinanyamaza na besi peke yake inapanda sol septième, yaani noti nne moja baada ya nyingine, sol, si, re, fa, na hiyo fa ndiyo inayowashusha sauti za kwanza kwenye mi yao. Naijua, naweza hata kuieleza ubaoni, lakini nyumbani najifunza bila ampli, kile kikuza sauti, tena nimetia kitambaa chini ya nyuzi, kwa sababu mama yangu tangu miaka ya vita hawezi kusikia mlio mzito bila kukimbilia chini ya kitanda, na mimi niliyekuwa nikizibwa mdomo kwa kiganja chake tulipojificha humo ninashtuka vilevile. Basi kwenye misa ya maziko mwezi uliopita, sol ilipotoka kwenye ampli kubwa nilishtuka, nikafika re, vidole vikagoma, nikairudia sol. Fa sikuipiga. Yvette, anayeongoza sauti za kwanza, akaingia pabaya, wenzake wakamfuata, wimbo ukavunjika mbele ya wafiwa.

Nje ya kanisa Papa Mpoyi, kiongozi wetu, alimkaripia: "We Yvette, masikio umeyaacha nyumbani? Umetuaibisha mbele ya marehemu!" Désiré wa ngoma akadakia, "Mwache, Papa. Dada alipanda treni yake, yeye iko Kibombo tayari, sisi tungali hapa kituoni, gare!" Wote wakacheka, na mimi, Mama, nilicheka nao. Yvette alisimama palepale akiniangalia mimi peke yangu mpaka tukamaliza kucheka.

Sasa ameondolewa kuongoza, na sikukuu ya parokia ni Jumapili ijayo, wimbo ni uleule. Nikikosea tena nitaumbuka, na nikipiga vizuri wote watasema kumbe kosa lilikuwa la Yvette kweli. Nifanye nini?

Karani, Alunguli

*

Mudogo wangu karani,

Pole. Hofu ya vita si aibu; mimi mwenyewe mlango ukibamizwa bado naruka. Lakini usiichanganye hofu na kile kicheko. Vidole vilikugomea, sawa. Na kucheka je, nani alikulazimisha? Usimtwishe mama yako mzigo huo.

Kitambaa kitoe leo. Noti usiyoisikia nyumbani itakushtua kanisani daima. Mwambie mama kabla ya kuwasha ampli: "Mama, ni mimi, sauti itakuwa hivi." Anza chini kabisa, yeye ndiye aseme uongeze au uache, akikataa, nenda ukajifunzie kanisani mchana. Kidole cha kati kwenye sol, cha shahada kwenye si, cha mwisho kwenye re, kisha cha kati tena kwenye fa. Imba kila noti kwa mdomo wako unapoipiga. Ukifika fa usikimbie, kaa nayo mpaka uisikie yenyewe ikitaka kushuka kwenye mi.

Lakini vidole si ugonjwa wako mkubwa. Siku ya mazoezi, kabla hamjagusa chombo chochote, simama mbele ya Papa Mpoyi, Désiré na kwaya nzima useme: "Sikuipiga fa. Yvette alipotea kwa sababu yangu, naomba arudishwe mahali pake." Usiende kwake kwa siri na chupa ya soda kumbembeleza, hakutukanwa kwa siri. Papa akikupokonya besi, ikabidhi kwa mikono miwili.

Na wakikucheka, usiondoke. Simama hapohapo mpaka wamalize. Yvette alisimama.

Mama Misenga