Kikombe Alichokunywa kwa Jina Lako

Kata ya Nyakatuntu,
Kyerwa, Kagera.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Liliane,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla ya kufungua bahasha. Hujambo huko Lindi? Shemeji na watoto hawajambo? Joto mmelizoea au bado mnalala madirisha wazi? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimekatika, tunaanika kahawa, na mume wangu Hagenimana ameshaanza kulalamika mgongo.

Nakuandikia kwa sababu simu haisemeki. Nikikupigia tu, Mama ananipokonya, na mkimaliza kucheka salio limekwisha.

Mama sasa anaendelea vizuri. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu wiki iliyopita nusura tumpoteze.

Kisukari chake unakijua. Sukari ilikaa juu miaka mingi, yeye akila asali kwa kujificha. Mwezi uliopita alibadilishiwa dawa, sukari ikateremka upesi, nami nikaanza kutamba kwa majirani. Jumanne asubuhi nikamkuta uani anaanua kahawa ambayo hatujaianika, jasho linamtoka, hanijui. Nikampima. Kipimo kikaonyesha namba ambayo nesi angeipigia makofi. Nikadhani ni visa vyake vya kunyimwa asali, nikamgombeza.

Alipoanza kutetemeka midomo ndipo nikampigia Placidius, daktari wa kituo cha afya. Akaniambia niache kubishana na kipimo, nimpe kitu kitamu haraka, naye anapanda pikipiki.

Baadaye alinieleza. Sukari haijiingilii ovyo ubongoni. Hupita kwenye milango midogo iliyo katika kuta za mishipa ya damu. Sukari ikizidi muda mrefu, inasemekana milango hiyo hupungua, kama karani wa chama cha msingi cha wakulima anavyofunga dirisha moja kahawa ikimzidi. Sasa dawa ikiishusha sukari ghafla, milango bado ni michache, na ubongo unabaki na njaa hata kama damu ina sukari ya kumtosha mtu mwingine. Alikiri kwamba wataalamu wenyewe bado wanalichunguza jambo hilo, lakini alivyomwona Mama, alishuku ndilo. Amempunguzia dawa ili sukari ishuke taratibu.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Jirani yetu Telesfori alikuwa amekamua ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi, nikakimbilia kikombe cha juisi kabla haijachachuka. Nikamketisha Mama sebuleni, nikaonja kwanza mbele yake kama tunavyomwonjea mgeni. Akafumba mdomo.

"Niyigena amekataza," akasema. "Akijua, atanigombeza."

Na mimi, Niyigena huyo huyo, nimesimama mbele yake na kikombe. Miaka yote nimemfundisha kukataa kitamu, na siku kitamu kilipohitajika, mafunzo yangu ndiyo yaliyomfunga mdomo. Nikambembeleza, akageukia ukutani. Ukutani kuna picha yako ya joho. Akaita jina lako.

Liliane, nina wivu. Nauandika ulivyo, usije ukaambiwa na watu. Kitenge ulichomtumia anakivaa misa ya Jumapili. Nilichomnunulia mimi anapalilia nacho maharage. Mkungu wa mgomba ule wa karibu na barabara haukatwi, eti ni wako ukija Krismasi, na kila mwaka unaozea pale tukiutazama. Mimi natoboa kidole chake, wewe unampigia simu. Mimi ni polisi, wewe ni sikukuu.

Basi ningefanyaje? Nikapiga magoti, nikalainisha sauti iwe kama yako, nikamwambia, "Mama, ni mimi Liliane. Niyigena yuko shambani."

Akanywa kikombe chote.

Placidius alipofika, macho ya Mama yalikuwa yamerudi. Akanitambua, akaniambia kwa furaha, "Niyigena, umechelewa. Liliane alikuwa hapa. Amenipa kitu kitamu, na mikono yake ina huruma."

Sikumsahihisha. Placidius alinitazama, mimi nikaenda kuosha kikombe.

Mikono yenyewe ni hii inayokuandikia, inanuka kahawa. Akikushukuru kwenye simu, zipokee shukrani, usimwambie hukuwapo. Ila uje, mdogo wangu. Uje likizo hii, umtoboe kidole wewe, umnyime asali wewe, akununie wewe, nami nikae kidogo upande wa kutamaniwa. Nimechoka kuogopwa na mama yangu.

Kaka Anastazi anakusalimu sana. Shangazi Nyiransabimana wa Kibingo anauliza kama watoto wanajua kumenya ndizi. Mbusu kitinda mimba wako kwa niaba yangu, na umwambie shemeji asikuzuie. Mungu awalinde safarini na nyumbani, na milango yenu yote iwe wazi kwa baraka.

Mama amekaa pembeni yangu. Ameuliza namwandikia nani, nikamwambia. Ameniagiza niandike kwa mwandiko mzuri.

Akupendaye pamoja na wivu wake,

Dada yako Niyigena. Sikuwa shambani.