Mlango Unatazama Wapi

Nakuru, 4 Juni 1957

Mpendwa Baba,

Salamu sana kutoka kwangu na kwa mke wangu Chelagat. Sisi tuko wazima. Kifua chako je, na hiyo baridi ya Molo? Nimesikia Mzungu wa shamba amewapa mpaka Agosti muwe mmehama. Usihangaike. Nimepata nyumba ya manispaa kwenye safu mpya, zilezile nilizomshikia mpima ardhi mnyororo wa kupimia. Chumba chako kipo. Njoo.

Mwanao, Kiplangat

Molo, 15 Juni 1957

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Kifua ni kilekile. Nitakuja, lakini nijibu kwanza: mlango unatazama wapi? Kwetu mlango unatazama jua likitoka, tangu babu zako, na hapo ndipo nasimama kuomba kila asubuhi, hata baada ya kubatizwa. Niambie ukweli.

Baba yako

Nakuru, 21 Juni 1957

Baba,

Hatujambo, natumaini nawe hujambo. Mlango unatazama jua likitoka. Njoo tu.

Mwanao, Kiplangat

Nakuru, 2 Septemba 1957

Baba,

Sijui hata kama u mzima, na hilo linaniumiza. Ulifika Jumamosi jioni. Jumapili nikakuta blanketi limekunjwa na wewe hupo. Barua hii naituma kwa rafiki yako Jonah, labda anajua ulipo.

Nilikudanganya. Milango yote hapa hutazama barabara, na barabara zetu zinafuata za zamani za mjini, zilizopigwa sambamba na reli kabla sijazaliwa. Nilimwomba mpima ardhi apindishe safu moja tu, akacheka. Sasa nimetoboa ukuta wa mashariki. Inspekta wa manispaa amenipa siku saba niuzibe au nitoke. Rudi, Baba, nitabishana naye.

Mwanao, Kiplangat

Molo, 9 Septemba 1957

Kiplangat,

Salamu kwa Chelagat. Nakohoa, kama unataka kujua. Nalala kwenye stoo ya viazi ya Jonah. Mlango wake unatazama choo, na naomba hapohapo.

Ungeniandikia kwamba mlango unatazama magharibi, ningenung'unika mpaka kufa, lakini ningekaa. Mzungu amenidanganya juu ya shamba lake miaka ishirini na mitano. Nilidhani nimebakiwa na mtu mmoja wa kuniambia ukweli.

Ziba huo ukuta, mke wako asije akalala nje. Mimi usinitafute.

Kiprugut