Tundu la Chini la Ghala la Magole

Shemeji Athumani,

Mwaka mzima sasa sijaisikia shikamoo yako, ile ya kutoa huku unacheka. Barua hii naiandika mwenyewe. Ndiyo, mimi. Kisomo cha watu wazima kimenishikisha kalamu uzeeni, kwa hiyo usianze kutafuta makosa.

Unakumbuka nilivyokusema ulipofinyanga kile kighala cha udongo uani kwangu? Mtu mzima, umestaafu kiwanda cha mkonge Kilosa, umekaa chini unakata mkebe kutengeneza feni, unaizungusha kwa uzi, na ndani umetia gunzi linalofuka. Nikakwambia, "Wenzako wako shamba, wewe unawajengea mende." Ukanijibu, "Shemeji, natazama moshi unapita wapi. Ghala la kijiji likijengwa, hewa itapita hapohapo." Iingie tundu la chini ukutani, ipite chini ya magunia, feni ya juu iivute nje. Na feni iwashwe jua likiwa kali tu, maana asubuhi ya umande itavuta unyevu. Kamati ikakusikiliza. Mimi nikaenda zangu shamba nikinung'unika.

Ghala likajengwa ulivyosema, wewe ukiwa umeshatutoka. Feni ikaja, ikafungwa kwenye injini ya mashine ya kusaga. Mavuno ya kijiji kizima yakaingia humo. Haukupita muda, ukitia mkono kwenye gunia unakuta joto, na uvundo umeanza. Katibu wa kijiji akasema mbele za watu, "Marehemu alikuwa anacheza na udongo, na sisi tukamfuata." Watu wakaitikia. Shemeji, iliniuma. Kukusema wewe ni kazi yangu, si yake.

Nikakitoa kighala chako uvunguni, nikawasha gunzi, nikazungusha feni. Moshi ukatoka wote. Nikakaa nakitazama. Halafu jicho likaenda kwenye tundu la chini. La ghala kubwa... nililiziba mimi. Panya walikuwa wanaingia kama wenye nyumba, nikashindilia kipande cha gunia, tena nikajisifu kwa wanawake wenzangu. Nikachana kitambaa, nikaziba tundu la kighala, nikazungusha mpaka uzi ukanikata kidole. Moshi ukabaki unazunguka humohumo.

Ningeweza kwenda kuchomoa lile gunia kimyakimya. Nililiwaza hilo, sikufichi. Lakini wewe ungebaki mjinga midomoni mwa watu, na mimi ningekula mahindi yale kila siku nikijua.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama na kighala mkononi, gunzi likifuka ndani. "Aliyekosea si Athumani, ni mimi." Katibu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia ashike uzi azungushe. Akainama, anazungusha, moshi hautoki. Nikachomoa kitambaa. Moshi ukamwingia wote machoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku ileile tulizibua tundu, tukalifunga kwa waya wa vitundu vidogo panya asipite, tukaanika mahindi yaliyopata joto. Yamepona, Shemeji. Tunasaga, tunakula, wajukuu wananenepa. Na katibu wageni wakija anawaonyesha "ghala la mzee wetu Athumani." Mzee wetu! Namwacha aseme.

Ila na wewe una kosa lako, usijitie huna. Kighala chako kilikuwa na hewa, kina moshi, kina feni. Hakikuwa na panya, wala bibi mkaidi. Miaka yote ile kiwandani hukuona watu wanavyoziba matundu?

Nimekurekebishia. Nimemfinyanga panya, nimemweka mlangoni pa tundu, na pembeni yake nimemsimamisha bibi ameshika kitambaa. Hawakupendeza sana, lakini wanajulikana.

Pumzika, Shemeji, kazi yako inafanya kazi. Nami nakuahidi, maadamu napumua, kila atakayekuja kujifunza kwenye kighala hiki nitamwanzia kwa huyo bibi, na jina lake nitamtajia.

Mwajuma, mke wa kaka yako.