Nimebonyeza Ndiyo

Shoga, nimekwisha. Unaikumbuka ile diski ya studio, yenye video za marehemu mume wa yule mama mshonaji? Nimeichomeka kwenye kompyuta mpya ya bosi, ile ya mfumo tofauti na yetu.

Ikaandika: diski haisomeki, uifomati? Nikabonyeza ndiyo. NDIYO! Nilidhani inataka kuizoea tu.

Kumbe kufomati ni kufuta kila kitu! Sasa ni tupu. Tupu kabisa, shoga!

Nimempigia fundi wa kompyuta. "Ichomoe, usiiguse tena." Hata yeye hana uhakika wa kuzirudisha video.

Na mama mwenyewe yuko hapa mapokezi, amefuata video zake. Nimejikaza nikamuuliza kama bado anazo kwenye simu.

"Nilizifuta, mwanangu. Si uliniambia kwako ziko salama?"